UCHAMBUZI: Baridi ya Bondo haiui, kinachoua ni jiko linaloingizwa hemani

KILA unapokaribia mwezi wa Juni, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa nchini huwatahadharisha Wakenya kuhusu msimu wa baridi unaoendelea hadi Agosti. Maeneo yanayotajwa huwa aghalabu ni yale yale: Nairobi, Kiambu, Nyeri, Nyandarua na sehemu za juu za Bonde la Ufa. Kaunti zinazopakana na Ziwa Victoria zikitajwa, huwa ni kwa mintarafu ya mvua, radi, upepo mkali au mafuriko.

Ndiyo sababu mkazi wa Bondo, katika Kaunti ya Siaya, hukua akiamini kwamba baridi ni shida ya watu wa milimani. Imani hiyo haikuzuka bure. Mchana, halijoto katika ukanda huo hufika nyuzi 30, na usiku wa kawaida hushuka hadi nyuzi 16 au 17 hivi. Kwa mtu aliyelala katika nyumba ya kudumu, juu ya godoro na akiwa mkavu, kiwango hicho hakimnyimi usingizi.

Hali hubadilika mtu huyo anapolala nje ya nyumba, chini ya hema au turubai, nguo zikiwa na unyevu na ardhi ikiwa tepetepe. Hapo nyuzi 16 humtetemesha hadi meno yakagongana. Naye, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa kuiogopa baridi, hakufundishwa pia kuiogopa dawa yake ya haraka, yaani jiko la makaa linaloingizwa ndani na mlango kufungwa.

Huo ndio msingi wa tatizo. Katika ukanda wa ziwa ni nadra baridi peke yake kumuua mtu mzima mwenye afya. Moto anaojitafutia ili aiepuke unaweza kumuua yeye na wote waliolala naye kabla ya jogoo kuwika.

Wanaolala nje

Mtu anaweza kudhani kwamba kulala hemani ni anasa ya watalii wanaopanda Mlima Kenya au ya maskauti walio likizoni. Katika Bondo na viunga vyake ni jambo la kawaida, ingawa hakuna anayeliita burudani.

Kwanza kuna matanga. Kwa desturi za Waluo, maiti hufikishwa nyumbani kabla ya siku ya mazishi, na jamaa, majirani na wageni kutoka mbali hukesha nayo. Hakuna boma lenye vyumba vya kuwatosha wote. Mahema hukodishwa, maturubai hutandazwa, na wazee, akina mama na watoto hujilaza wanapopata nafasi.

Taifa zima lilishuhudia ukubwa wa desturi hiyo Oktoba 2025. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga, alifariki nchini India mnamo Oktoba 15 na kuzikwa Oktoba 19 huko Kang'o ka Jaramogi, Bondo, alikozikwa babake, Jaramogi Oginga Odinga, mwaka wa 1994. Maelfu ya waombolezaji walifurika Kisumu na Bondo katika siku chache mno, mwezi ambao mvua za vuli huanza. Mazishi ya kiongozi wa kadiri hiyo hutokea mara moja katika kizazi, lakini mazishi ya watu wa kawaida, yenye mikesha na mahema yake, hufanyika vijijini kila wiki.

Pili kuna wavuvi. Katika fuo za Usenge, Uhanya na Wichlum, na katika visiwa kama Mageta na Ndeda, wapo wanaohamahama wakifuata samaki. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa mwanga wa taa na kurejea alfajiri wakiwa wameloa. Baadhi yao hupumzika katika vibanda vya muda vya mabati, matete au karatasi za plastiki.

Tatu kuna waathiriwa wa mafuriko. Mnamo 2020 kina cha Ziwa Victoria kilivunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na maji yakameza makazi na fuo pande zote za ziwa. Mnamo 2024 kina hicho kilipanda tena, mwaka ambao mafuriko yaliwaua zaidi ya watu 200 nchini na kuwahamisha maelfu kwa maelfu. Familia inayohamishwa na mvua za masika mwezi wa Mei huwa bado imo hemani Juni na Julai, baridi inapowasili. Serikali na mashirika ya misaada huhesabu janga la kwanza na kusahau kwamba la pili limo njiani.

Baridi hutoka wapi

Kuelewa hatari hii kunahitaji kuelewa tabia ya ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara ukibeba unyevu. Hewa hiyo hupanda, mawingu hutanda, na mvua hunyesha alasiri au jioni, pengine ikiandamana na mawe. Kwa hivyo watu wengi huloa saa chache tu kabla ya usiku kuingia, wakati ambapo hakuna tena jua la kuwakausha.

Unyevu huo ndio adui halisi. Maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa, na ndiyo maana shati lililoloa humpoza aliyelivaa hata pale ambapo kipimajoto hakionyeshi baridi ya kutisha. Ardhi yenye maji hufanya vivyo hivyo. Aliyejifunika blanketi mbili lakini akalala juu ya turubai jembamba hupoteza joto kupitia mgongoni usiku kucha.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kuchanganyikiwa, ulimi huwa mzito na mikono hukosa ustadi. Wazee, watoto wachanga na walevi ndio hufikia hali hiyo upesi zaidi. Pombe, ambayo katika mikesha mingi husifiwa kwamba hupasha mwili joto, hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mnywaji huhisi joto kwa sababu joto lake linatoka nje.

Sumu isiyonuka

Katika mazingira hayo, jiko la makaa huonekana kuwa rafiki mwema. Ugali umekwisha kusongwa, makaa yangali mekundu, na moshi umetoweka. Kuyamwaga makaa hayo ni kama kutupa pesa. Kuyaingiza ndani hakuongezi gharama yoyote, ilhali blanketi jipya lina bei. Anayefanya hivyo anapiga hesabu ya kiuchumi iliyo sahihi, isipokuwa kwamba kuna gharama moja asiyoiona.

Gharama hiyo ni gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hutokea kitu kinapoungua bila oksijeni ya kutosha. Haina rangi wala harufu, na haimkereketi mtu kooni. Moshi humfukuza mtu kwa kumwasha macho, lakini gesi hii haitoi onyo lolote. Makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambayo wengi huyaona kuwa yamekuwa salama, ndiyo huitoa kwa wingi, na huendelea kuitoa hata yanapofunikwa na majivu.

Ikiingia mapafuni, gesi hiyo hushikamana na hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka bila kubeba kinachohitajika. Kwanza kichwa huuma, kisha hufuata kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Aliye macho huenda akatambua kwamba mambo si shwari na asiwe na nguvu za kuufikia mlango. Aliyelala hatambui kitu.

Hema huzidisha hatari hiyo. Ni chumba kidogo chenye hewa kidogo, na kitambaa chake kikiloa, vitundu vilivyokuwa vikipitisha hewa huzibwa na maji. Jiko lililoboreshwa kwa udongo wa kufinyanga, ambalo limeenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa, lakini halikuundwa ili kuiondoa sumu hii. Wanaoliamini kwa sababu ni la kisasa wanajidanganya.

Wala jiko si mkosaji wa pekee. Katika matanga ya siku hizi kuna jenereta ya taa na vipaza sauti, ambayo mara nyingi hutegwa nyuma ya hema ili isinyeshewe. Injini ya jenereta hutoa kaboni monoksidi kwa wingi sana. Vivyo hivyo gari ambalo waombolezaji wamejifungia ndani yake huku injini ikinguruma ili wapate joto. Wataalamu wa afya nchini Marekani hushauri jenereta iwekwe umbali usiopungua mita 6 kutoka mahali watu walipo, moshi wake ukielekezwa kwingine.

Marekani yenyewe ilipata funzo chungu mnamo Februari 2021. Baridi isiyo ya kawaida ilivamia jimbo la Texas, ambalo wakazi wake wamezoea joto, na umeme ukapotea. Watu waliwasha majiko ya kuchomea nyama ndani ya nyumba, wengine wakawasha magari ndani ya gereji. Zaidi ya watu 1,400 walitafuta matibabu kwa sababu ya gesi hiyo na baadhi yao wakafa. Kisa hicho chaihusu Bondo moja kwa moja: walio hatarini zaidi mara nyingi ni wale wasioizoea baridi, kwa kuwa hawana desturi wala vifaa vya kuikabili.

Malaria yabebeshwa lawama

Lipo jambo jingine linaloifanya sumu hii kuwa hatari mahususi katika ukanda wa ziwa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, ulegevu na kutapika asubuhi, katika Bondo huwa na jina moja tu: malaria.

Dhana hiyo ina mashiko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba asilimia 19 hivi ya watoto katika maeneo ya ziwa walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa karibu asilimia 6. Tatizo ni kwamba katika eneo la namna hiyo, mtu anaweza kubeba vimelea bila kuugua. Akipimwa baada ya kulala kando ya jiko, kipimo huenda kikasema ana malaria, naye akapewa dawa na kurudi kwenye hema lile lile, kwenye jiko lile lile.

Hata kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho kilipata umaarufu wakati wa janga la Covid-19, hakisaidii. Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi, hivyo huonyesha kwamba mambo ni shwari hata mgonjwa anapokosa hewa.

Kinachoweza kumwokoa ni swali jepesi la mhudumu wa afya: mlilala wapi, na moto ulikuwa wapi? Ikiwa watu wawili au watatu wa hema moja wameamka na maumivu ya kichwa wakati mmoja, na wakapata nafuu kila wanapotoka nje, gesi hiyo yafaa kushukiwa mara moja. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi bila kukawia na kupelekwa hospitalini apewe oksijeni. Mama mjamzito asirudishwe nyumbani kwa sababu tu anajihisi vyema, kwani damu ya mtoto aliye tumboni huishikilia sumu hiyo zaidi ya damu ya mamake.

Mlango, mbu na neti

Ushauri unaotolewa kila mwaka ni kwamba anayetumia jiko ndani aache mlango au dirisha wazi. Ushauri huo unaweza kueleweka Nyeri. Kando ya ziwa, mlango ulio wazi ni mwaliko kwa mbu, na katika baadhi ya fuo, kwa wezi na hata viboko wanaotoka majini usiku kutafuta malisho. Mama anayefunga hema lake kabisa si mjinga; amechagua kujikinga na adui anayemjua. Serikali inayomwambia afungue bila kumpa kinga nyingine inamtaka achague kifo kimojawapo.

Hapa ndipo neti inapopata kazi ya pili ambayo haitangazwi. Neti iliyotiwa dawa, ikining'inizwa vizuri na kuchomekwa chini ya mkeka, humwezesha mtu kuacha matundu ya hema wazi bila hofu ya mbu. Kwa maana hiyo, neti hukinga malaria na pia huruhusu hewa kupita. Hata hivyo, neti na moto havikai pamoja. Cheche moja yatosha kuteketeza hema na waliomo kabla ya jirani kuamka.

Kwa hivyo jibu la kweli si kuingiza jiko na kuacha upenyo. Upenyo mdogo haumhakikishii mtu usalama, na upenyo mkubwa huliondoa lile joto lililotafutwa. Jibu ni jiko kubaki nje, na joto litafutwe kwa njia nyingine.

Joto bila moto ndani

Njia hizo zipo, na nyingi ni za bei nafuu. Ya kwanza ni kuwa mkavu. Nguo moja kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki tangu mchana, kwa ajili ya kulalia tu, ina faida kuliko makoti mawili yaliyoloa.

Ya pili ni kujitenga na ardhi. Karatasi ya plastiki itandikwe kwanza, juu yake nyasi kavu, magunia au maboksi yaliyokunjuliwa, kisha mkeka wa mafunjo ambao wenyeji wa ziwa wameusuka tangu jadi. Hewa iliyonaswa ndani ya nyasi na mafunjo huzuia joto lisiponyokee chini. Mwenye blanketi mbili afikirie kulalia moja.

Ya tatu ni kula na kunywa kabla ya kulala. Uji wa moto na mlo wa kutosha huupa mwili kitu cha kuuchomea joto usiku. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa sawasawa na kuviringishwa kwa kitambaa, ikiwekwa miguuni, hudumu saa kadhaa bila kutoa gesi yoyote. Leso au kofia kichwani na soksi kavu miguuni huziba mianya iliyosalia, na watu wawili wakilala karibu karibu hupeana joto.

Ya nne ni mahali pa hema. Lisimamishwe penye mwinuko, mbali na ukingo wa maji, mlango ukigeuzwa kisogo upepo unakotoka, na mfereji mdogo uchimbwe kulizunguka. Jiko la kupikia liwe nje upande ambao upepo hauelekezi moshi hemani, na makaa yazimwe kabisa kwa maji au mchanga.

Wazee waliuelewa mpango huo zamani. Moto wa matanga uitwao magenga, unaowashwa mwenye boma anapoaga dunia, huwashwa uani chini ya anga, na watu huuzunguka wakiota na kusimuliana. Aliyetaka joto aliufuata moto. Moto haukumfuata mtu kitandani. Desturi hiyo haikuhitaji mtaalamu wa kemia.

Wajibu ni wa nani

Itakuwa kosa kumwachia mwananchi mzigo wote huu. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada hutumia duniani kote, hupendekeza nafasi isiyopungua mita mraba 3.5 kwa kila mtu katika makazi ya dharura, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo husahaulika. Kambi iliyogawiwa mahema bila vibanda vya jikoni imeamua, pasipo kusema, kwamba mvua ikinyesha jiko litaingia ndani. Nguzo chache na mabati vingeweza kuokoa maisha ya watu wengi kuliko mahubiri ya kila mwaka.

Vivyo hivyo, mizigo ya misaada inayopelekwa Siaya, Busia na Kisumu haina budi kuambatanisha hema na neti, mikeka ya kulalia na blanketi, na kufikishwa kabla ya Juni. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa nayo yafaa itambue kwamba nyuzi 16 kwa mtu aliyeloa hemani ni baridi, hata kama kipimajoto cha Nyandarua kinasoma chini zaidi.

Njia za kueneza ujumbe hazikosekani. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 wanafika milangoni. Machifu wana mabaraza, fuo zina kamati zake za usimamizi, na redio za Dholuo husikilizwa hadi visiwani. Wanaokodisha mahema na jenereta za matanga wangeweza kuwekewa sharti dogo la kutangaza, kabla ya mkesha kuanza, jenereta ikae wapi na kwamba jiko haliingii hemani.

Hatua hizi hazihitaji sheria mpya wala mkopo wa Benki ya Dunia. Zinahitaji kwanza viongozi wakubali kwamba Bondo nako kuna baridi. Maadamu ukanda wa ziwa unaendelea kuorodheshwa miongoni mwa maeneo ya joto pekee, watu wake wataendelea kuikabili baridi kwa kile kilicho karibu, na kilicho karibu ni makaa yaliyosalia baada ya chakula cha jioni. Waliosema tahadhari kabla ya hatari hawakukosea, na kwa familia zitakazolala mahemani msimu ujao, tahadhari hiyo yapasa ifike kabla ya mvua za masika kwisha.